Mabati ya Mzee Lemi

Driwaru alirudi Pajulu mwaka wa themanini na saba, akakuta nyumba yake imebaki kuta nne na majani yaliyomfika kifuani. Mabati yameng'olewa, milango imechukuliwa, hata fremu za madirisha. Alikuwa ameishi upande wa Zaire miaka minane. Huko ndiko alikomzika mtoto wake wa pekee, aliyekufa kwa surua. Mumewe, Lemi, dereva wa jeshi, alimwona mara ya mwisho mwaka wa sabini na tisa, siku walipokimbia vita, amesimama nyuma ya lori, akipiga kelele kwamba wavuke mpaka, yeye atafuata.

Alilima mihogo, akauza, na mavuno ya pili yalipotoka akaenda Arua mjini kununua vifaa vya kuezekea. Duka alilolichagua lilikuwa la Jale, mtu wa Koboko, kwa kuwa lilikuwa na mabati yaliyosimamishwa nje, yakimeta juani. Ndani alisimama tangu asubuhi hadi jua likafika utosini. Kila mwanamume aliyeingia nyuma yake alihudumiwa kabla yake. Mwishowe mwuzaji akamtazama.

"Mama, nani anajenga?"

"Ni mimi najenga."

Wanaume wawili waliokuwa wakipima nyaya wakacheka. Mwuzaji akamtolea mabati, akampimia misumari ya kupigilia mbao, akaifunga kwenye karatasi, wala hakumwambia kwamba bati lina misumari yake.

Mvua ya kwanza ilipopiga paa jipya, maji yaliingia kila palipogongwa msumari, na upepo ukakunja bati moja kama ukurasa wa daftari. Kesho yake Driwaru alirudi dukani, kitenge chake bado kibichi, na misumari iliyopinda mkononi. Siku hiyo Jale mwenyewe alikuwa kaunta, mtu mnene mwenye kofia nyeupe ya swala.

"Hii misumari nimenunua hapa," alisema Driwaru. "Nyumba yote iko maji."

Jale aliigeuzageuza. "Mzee yako nasema nini?"

Driwaru alikuwa amechoka. Hakuwa amepanga kusema uongo. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anayejikwaa. "Mzee amekasirika sana. Yeye nasema nyinyi mulimdanganya."

Jale akasimama wima. Akaomba radhi mara tatu. Akamletea misumari ya bati, ile yenye kichwa kipana, akamkatia vipande vya mpira wa tairi vya kuweka chini ya kila msumari, akamweleza kwamba bati hupigwa msumari juu ya tuta, si bondeni ambako maji hupita. Alieleza polepole, ili naye akamweleze mumewe. "Mwambie mzee pole. Jina lake nani?"

"Lemi."

"Mwambie Mzee Lemi, Jale wa Koboko anamusalimu."

Driwaru alipanda mwenyewe juu ya paa, akang'oa msumari mmoja mmoja, akagonga upya kama alivyofundishwa. Jioni, alipokwisha kunawa, alijikuta amesimama mlangoni pasipo mlango, akisema kwa sauti, "Jale anakusalimu."

Tangu hapo hakuacha kwenda. Bawaba, komeo, chokaa, kila alichohitaji alikinunua kidogo kidogo, safari moja kwa kitu kimoja. Na kila mara Jale aliuliza habari za mzee. Mguu unamsumbua, alijibu, ndiyo maana haji mjini. Rangi ya kijani haitaki, anasema ni ya kambi ya jeshi. Anataka dirisha kubwa upande wa barabara, aone wanaopita. Wateja wengine walianza kumpisha. Hapakuwa na mahali pengine Arua wala Pajulu ambapo mtu alimwuliza Lemi anataka nini. Majirani walikwisha kumlia zamani, na walipolitaja jina lake walishusha sauti.

Jumapili moja ya mwaka wa themanini na tisa alikuwa juu ya ngazi akipaka chokaa, aliposikia kengele ya baiskeli. Jale alikuwa ameingia uani, anatokwa jasho, na kopo la dawa ya kuchua mkononi.

"Mama Driwaru! Nimeleta dawa ya mguu. Mzee iko ndani?"

Alishuka ngazi taratibu. Akafuta mikono kwenye kitenge, ikachukua muda mrefu.

"Mzee hapana iko," alisema. "Toka sabini na tisa hapana iko."

Jale alitazama nyumba, dirisha kubwa, ukuta ambao nusu ulikuwa mweupe na nusu udongo. Akakaa juu ya rundo la matofali bila kukaribishwa.

"Na hiyo kijani? Nani alikataa kijani?"

"Ni yeye. Wakati ule alikuwa hapana taka."

Jale hakumkaripia. Alikunywa maji aliyopewa, akaweka kopo la dawa juu ya tofali, akapanda baiskeli yake.

Driwaru alipokwenda dukani tena, alihudumiwa kabla ya wote, kwa heshima, na upesi. Jale alimwuliza habari za mihogo. Salamu hakutuma, naye angezitumaje? Alishusha sauti kama majirani. Driwaru akachukua misumari yake akatoka, akahisi kwamba siku ile ndiyo amefiwa. Baada ya hapo akawa anakwenda mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja.

Mwaka wa tisini na mbili bawaba ya mlango ilikatika. Alipofika Arua, katika chumba kile cha duka zilikuwa zinauzwa nguo za mitumba. Jale amerudi kwao Koboko, walimwambia, amefungua duka huko karibu na msikiti.

Driwaru alikwenda hadi steji, kituo cha malori, akauliza lori la Koboko linaondoka saa ngapi. Saa nane, wakamwambia. Alikaa juu ya gunia la mtu, akifikiri atakapofika ataanza kusema nini. Lori likajaa. Kondakta akamwita, "Mama, unapanda?"

"Hapana," alisema. "Nilikuwa napumzika."

Akanunua bawaba duka la jirani, akarudi Pajulu kwa miguu, akaigonga mahali pake, akaufunga mlango wake kabla jua halijazama.