Nani Ataniosha

Mwaka 2017 daktari mmoja wa Randburg, hapa Johannesburg, aliniuliza kama naogopa kisu. Alikuwa daktari wa akili, na kazi yake ilikuwa kuniandikia barua ya kuwapelekea madaktari wa upasuaji wa Thailand, kuwathibitishia kwamba mimi ni mwanamke na wala si mwendawazimu. Nikamjibu ndiyo, naogopa kisu. Nilimdanganya. Jibu la kweli lingenichukua mchana kutwa kulieleza kwa Kiingereza, naye tayari alikuwa ameshatupia saa jicho mara mbili.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuoshwa.

Kwetu Tanga, Mwislamu akifa huoshwa kabla ya kuvishwa sanda. Wanaume huoshwa na wanaume, wanawake na wanawake. Mimi nilizaliwa nikaitwa mtoto wa kiume, na tangu sijaota meno ya ukubwani nilijua kwamba walionipokea waliharakisha. Nilipofika Johannesburg nilivaa suruali miezi mitatu tu. Baada ya hapo nilijishonea gauni la kwanza, nikalivaa, nikatoka nalo barabarani, na aliyetaka kusema alisema mpaka akachoka. Lakini maiti hajishonei gauni. Maiti hulazwa ubaoni akafunuliwa, na wanaomfunua ndio wanaoamua yeye ni nani. Nikifa huko Thailand mezani, au nikirudi nikafa hapa kwa homa ya kawaida, nani angeniosha? Swali hilo ndilo lililonizuia kukata tikiti mwaka mzima. Si kisu.

Nilikuwa fundi cherehani. Nilipanga pembe ya saluni ya mama mmoja wa Kikongo kutoka Lubumbashi, hapo Malvern, kwenye Jules Street. Yeye ni wa makanisa yale ya makelele. Kila asubuhi kabla ya kufungua alikuwa akiviombea viti vya wateja, kisha anageukia cherehani yangu na kumkemea pepo aliyeniingia, mkono mmoja hewani, mwingine umeshika kikombe cha chai. Akimaliza ananiuliza kama nimekunywa chai. Nilimchukia saa za asubuhi, na kufikia adhuhuri ninakuwa nimesahau.

Habari za Thailand alizipata kwa kusikiliza simu zangu.

"Weye, Mungu alikuumba mutu muzima. Unaenda kukatwa juu ya nini?"

"Mbona nyusi zako unazinyoa? Mungu hakuziumba?"

"Nyusi inarudi," alisema, akaendelea kusuka.

Msije mkadhani nilikimbilia Thailand kwa kupenda makuu. Hapa Afrika Kusini hospitali za serikali hufanya upasuaji huo, na nilikwenda. Muuguzi wa mapokezi aliniandika, kisha akaniambia nirudi nyumbani ningoje, kwamba mbele yangu kuna watu wanaongoja tangu mimi sijaingia nchi hii, na wao ni wenyeji. Alilisema neno wenyeji kama mtu anayefunga mlango. Pesa nilikuwa nayo, kwa miaka mingi ya kushona magauni ya harusi, na kwa habari ya pesa sitawachosha.

Sasa niwaeleze chama. Sisi Watanzania wa Malvern na mitaa ya jirani tulikuwa na chama cha kuzikana, kama walivyo navyo wahamiaji wote wenye akili. Unatoa mchango wako, na siku yako ikifika wenzako wanakuhangaikia. Kwa kuwa mimi nilikuwa na meza ndefu na mkasi mzuri, chama kilinipa kazi ya kukata sanda. Mwanaume hukatiwa vipande vitatu. Mwanamke hukatiwa vitano, kwa sababu huongezewa kanzu na ushungi. Nilizikata sanda za watu walionisalimia na za watu waliokuwa wakitema mate nikipita, na zote nilizikata sawasawa. Katika hilo nawaomba mniamini.

Mwaka 2016 alikufa mwenzangu. Alikuwa msusi, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwanamke kwa namna ile ile niliyo mimi, na alikuwa ameishi hivyo miaka mingi kunizidi. Ndiye aliyenifundisha kutembea Jules Street bila kuinamisha kichwa. Homa ya mapafu ilimchukua katikati ya Julai, kwenye baridi ile ya kugandisha nguo zikasimama kwenye kamba. Katibu wa chama alileta bafta ya sanda dukani, akasema, "Kata." Hakusema vingapi. Nikakata vitano. Ushungi wake niliukata mpana kidogo kwa sababu alipenda mitandio mipana.

Jioni ile ile katibu alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanzu na ushungi.

"Hivi vimezidi," alisema.

Wanaume wanne walimwosha. Mwosha maiti anatakiwa kusitiri alichokiona, hata mtoto wa madrasa analijua hilo, na siri ile anatakiwa aende nayo kaburini kwake. Wale hawakuweza kukaa nayo hata siku saba. Nilikuwa nanunua chapati kwenye kibanda cha chai walipokuwa wanasimuliana, mmoja anaonyesha kwa mikono, wengine wanajipiga mapaja kwa kucheka. Waliponiona hawakunyamaza. Mmoja alinitazama toka juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa sikukuu. Niliiacha chapati pale pale na sikurudi tena kwenye kibanda kile.

Kwa hiyo daktari wa Randburg aliponiuliza kama naogopa kisu, mimi nilikuwa nayaona macho yale.

Nilikuja na hesabu yangu. Nilijiambia: nikienda Thailand nikarudi mwili wangu umekaa sawa, wanawake hawatakuwa na hoja, wataniosha. Ila lazima nipate neno lao kabla sijapanda ndege. Basi mwanzoni mwa 2018 nilikwenda kwenye mkutano wa chama, Jumapili, uani kwa mwenyekiti. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Mimi nilikaa mkekani kama siku zote, na kama siku zote wanawake walinisogezea nafasi, mmoja akanipa mtoto wake nimshike. Ajenda ilipofika kwenye mengineyo nilisimama, nikasema ninasafiri kwa matibabu, nikasema na matibabu yenyewe ni yapi, na nikaomba daftari lirekebishwe: nikifa nioshwe na wanawake, nikatiwe vitano.

Mama mwenye mtoto alikuja akamchukua mtoto wake mikononi mwangu.

"Bwana fundi," katibu alisema, na lile neno bwana alilivuta kama ubani. "Daftari linasema me."

"Daftari uliliandika wewe."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwamba nikikaa kama nilivyo, chama kitanizika kama kinavyozika wanaume wengine. Nikienda kukatwa, jina langu litafutwa, na nikifa nitajua mwenyewe pa kwenda. Alisema nichague. Alikuwa anazungumza kwa upole mwingi, na upole ule nilitamani kuurushia kiatu.

Nikageukia mikeka. Pale alikuwepo mwosha maiti wetu wa kike, mama wa makamo kutoka Unguja anayeuza sambusa, na mteja wangu wa tangu nilipoanza kazi. Kila Idi nilimshonea. Alikuwa akija nyuma ya pazia langu anavua baibui, anavua gauni, anabaki na shimizi, ananigeuzia mgongo na kuniambia nimpime vizuri kiunoni maana ameongezeka. Hata mara moja hakuomba aje mumewe asimame mlangoni.

"Mama," nilimwambia mbele ya watu wote, "ukiwa na shimizi mbele yangu, mimi huwa nani?"

Alikunja uso. "Fundi."

"Fundi wa kiume unamvulia nguo?"

Mwanamke mmoja alisema astaghfirullahi. Mama wa sambusa alinijibu bila dhihaka, na hilo ndilo lililoniuma kupita kicheko cha wanaume.

"Ukiwa hai unajieleza, nasi tunakusikiliza. Ukishakufa hujielezi tena. Nitauona mwili nilioletewa, na nitamwogopa Mungu."

"Na nikirudi nimeshafanyiwa? Mwili utakaouona utakuwa kama wako."

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli.

"Hata hivyo sitakuosha," alisema.

Niliokota kandambili zangu nikaondoka. Jina langu nadhani walilifuta kabla sijafika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani.

Jumatano yake nani akaja dukani? Mama wa sambusa. Na kitambaa mkononi, harusi ya mpwa wake. Alisimama mbele ya pazia akingoja nilifungue, kama vile Jumapili haikuwahi kuwapo. Nilimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wateja wa saluni kwamba hapa kwangu wanawake hupimwa na wanawake, kwa hiyo aende akatafute fundi wa kike. Alikikunja kitambaa chake. Alipokwisha kutoka, mama wa Lubumbashi alisema nimefanya vibaya, mteja ni mteja. Nikamwambia akemee pepo lake mwenyewe. Hatukusemeshana mpaka Ijumaa.

Hasira ile ilinilisha wiki tatu. Nilishona nayo, nilipiga pasi nayo, niligombana na dereva wa teksi kwa ajili ya sarafu mbili. Lakini hasira nayo huisha, na ilipoisha nilibaki na kitu kibaya zaidi. Mwaka mzima nilikuwa nimeuweka upasuaji ule kama kiingilio cha kwenda kuoshwa na mama wa sambusa. Sasa ameshasema hata kwa kiingilio hicho siingii. Basi ningekwenda Thailand kufanya nini? Niliogopa kwamba labda, ukiwaondoa wao, mimi mwenyewe sikuutaka. Hilo sikumwambia mtu.

Jibu nililipata bafuni, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Sikuwa nawaza chochote kikubwa. Nilijaza ndoo maji ya moto, nikafunga mlango, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuzima taa, kama ulivyokuwa ukifanya kila asubuhi tangu nina miaka kumi na miwili. Nilikuwa naoga gizani. Nilikuwa naoga na shimizi mwilini, najipaka sabuni juu ya kitambaa, na kuna sehemu nilikuwa napitisha maji haraka haraka huku nimegeuza uso, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemdai. Hata nilipopanga chumba changu mwenyewe, penye kitasa changu mwenyewe, niliendelea hivyo hivyo. Nikasimama pale kidole kwenye swichi. Mwaka mzima ninawapigia watu magoti nikiuliza nani ataniosha nikifa, na mimi niliye hai sijajiosha hata siku moja. Nililia, nikakasirika kwamba ninalia, nikaoga maji yakiwa yameshapoa. Taa sikuiwasha. Lakini nilijua nataka kuiwasha, na nilijua ni nini kinachonizuia, na hakikuwa chama.

Nikapiga simu Thailand mchana ule.

Hospitali ya kule ilituma fomu kwa barua pepe. Nilikwenda kuijaza kwenye duka la intaneti la Mrundi mmoja, hatua chache kutoka saluni. Mama wa Lubumbashi alinifuata, eti anataka kutoa kopi ya karatasi yake ya ukimbizi, ile ya kwenda kuongezwa muda kila baada ya miezi michache na kupanga foleni tangu alfajiri. Kopi aliipata dakika mbili tu. Kisha akavuta kiti akakaa nyuma yangu, mkoba mapajani, akiguna kwa kila swali. Umri, aguna. Mzio wa dawa, aguna. Barua ya daktari wa Randburg ilipokuwa inapakiwa alianza kuomba chini kwa chini kwa Kifaransa.

Karibu na mwisho fomu iliuliza: ikitokea kifo, mwili akabidhiwe nani?

Nilipaacha wazi, nikabonyeza kutuma. Haikutumika. Nikabonyeza tena.

"Eish, dada," alisema Mrundi kutoka kwenye kaunta, "penye nyota nyekundu lazima ujaze, bila hivyo haiendi."

Nilikaa na mikono juu ya kibodi. Mama yangu Tanga alikuwa ameshaniambia nisimpigie tena simu. Chama mnakijua. Mwenzangu alikuwa amezikwa na jina ambalo hakulitumia. Nilifikiri niandike jina lolote la uongo, maana Wathai wangejuaje. Nyuma yangu maombi yalikuwa yamekoma.

"Andika miye," alisema.

Niligeuka. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu.

"Wewe si unasema ni dhambi?"

"Ni zambi. Andika."

"Wanataka na uhusiano. Niandike nani? Mama?"

"Dada. Unizeeshe juu ya nini?" Aliinama juu ya bega langu, akaanza kunitajia namba yake ya simu polepole, na alirudia kila tarakimu mpaka alipoiona imekaa kwenye kioo. Kisha akaniambia, kwa ukali ule ule wa asubuhi zote, "Lakini usikufwe kule. Unasikia? Miye sina pasipoti."