Bibi Yuko Mtandaoni

Tangu maktaba yetu ya Musoma mjini iletewe kompyuta, wasomaji wameongezeka kweli kweli. Wanakuja kuchaji simu. Mimi niliyesomea kupanga vitabu, kazi yangu kubwa sasa ni kutaja nywila ya intaneti na kuwafukuza wanaotazama mpira kwa sauti. Wazee wanaokuja kuulizia gazeti nawapenda kama ndugu, maana ndio pekee wanaojua kwamba nyuma yangu kuna makabati ya vitabu.

Siku moja binti wa chuo, aliyekuwa akiandika utafiti wake juu ya samaki wa ziwani, aligeuza kiti akaniambia, "Madam, mbona na wewe uko humu?" Nikasogea. Kwenye hifadhi ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya kulikuwa na kanda ya zamani, iliyorekodiwa kijijini kwetu Mugango na sasa kugeuzwa faili, kuhusu ukaushaji wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Msimuliaji: jina langu, na la ukoo wetu.

Hakuwa mimi. Alikuwa bibi mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, nami nikapewa jina lake. Kwetu ukipewa jina la marehemu unapewa na cheo chake. Shangazi yangu, binti wa bibi huyo, ameniita mama tangu natambaa. Nilipokosea hakunichapa, nani anamchapa mama yake? Nikimtembelea napewa kiti chenye mgongo, na kichwa cha samaki ni changu. Nimekula vichwa vya sato hadi nimevichoka.

Nikampigia simu kumweleza habari za kanda.

"Sura yake naikumbuka," akasema. "Sauti ndiyo imenipotea, mama. Nilikuwaga naisikia hata nikipika. Siku hizi nikiitafuta naipata ya redio."

Magoti yamemwisha, presha inapanda na kushuka, na alikuwa anaogopa kufa hajaisikia tena. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kuanzia hapo kila asubuhi alinipigia: "Wamefungua?"

Hawakufungua. Faili lilikuwa na kufuli. Mtu alikuja Mugango, akaondoka na sauti ya bibi kwa kilo ya sukari, na sasa sisi wa damu yake ndio tunaoomba kibali cha kumsikia! Nilikasirika hadi nikachomoa chaja ya mteja asiye na hatia. Tena kibali chenyewe kilitakiwa kitoke kwa msimuliaji mwenyewe, aandike jina na kuweka saini.

"Sasa tatizo liko wapi?" shangazi akauliza. "Msimuliaji si ni wewe hapo? Weka saini."

"Shangazi, mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Kwani vichwa vya samaki hapa kwangu anakulaga nani?"

Nikaweka saini. Sikudanganya neno: jina ni langu, saini ni yangu, na hapakuwa na mahali palipouliza kama nimewahi kufa.

Jibu lilikuja haraka, na faili limefunguliwa. Profesa wa chuo hicho alifurahi mno kusikia kwamba bado niko hai. Aliomba mahojiano mengine kwa video, nieleze ukaushaji wa furu umebadilikaje tangu ujana wangu. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga mbele. Sijamjibu, natafuta kwanza mtu wa kunifundisha kukausha furu.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Mugango na simu yangu. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nikabonyeza. Ulianza upepo, akafuata mwanamume anayeuliza maswali kwa Kiswahili cha kitabuni, kisha bibi: sauti nzito, yenye haraka, inayomdharau mgeni kidogo. Mimi nikacheka. Shangazi alifumba macho. Bibi akaeleza habari za jua na za chumvi, na nzi wanavyosumbua. Halafu akakatisha maneno, akageukia uani, akaita kwa kilugha, kwa jina la utotoni la shangazi ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka: lete maji, mgeni ana kiu.

"Abee, mama!"

Nilidhani ni mtoto wa kwenye kanda. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa ameshasimama, ameshika ukuta, anaelekea kwenye ndoo ya maji.