Geji ya Pikapu ya Kaka

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika Arusha, sisi mafundi wa Land Rover tulijikuta wanafunzi tena. Mimi nilikataa kuwa mwanafunzi. Nilikuwa na gereji yangu ndogo Sokon I, nina jina, na mdomo nao sikupungukiwa.

Kaka yangu alikuwa mkulima kijijini Akheri, mlimani Meru. Aliuza ng'ombe wake wote watatu, akanunua pikapu ya kubebea ndizi, injini ikiwa imechoka. Akaniletea mimi. "Mdogo wangu, watoto watasomeshwa na hii," aliniambia. "Sina kingine."

Nikafungua injini yote, nikatoa manifoldi ya kuingizia hewa. Chini yake, kwenye bomba la maji, kulikuwa na sensa mbili, vile vidude vya kupima joto, zimekaa jirani. Moja ilipeleka habari kwenye geji ya joto, ile anayoiangalia dereva. Nyingine ilipeleka kwenye kompyuta ya injini. Plagi za nyaya zao zilikuwa zimekauka, zikavunjikia mkononi. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani. Nikafanya tulivyozoea wote: nikakata nyaya, nikasokota, nikafunga utepe mweusi. Ipi ni ya ipi? Nikabahatisha. Mshona viti wa jirani alinishauri nikamuulize fundi mmoja wa mjini aliyezijua injini hizo. "Nikaulize nini, mimi?" nikamjibu. Kiburi gani kile!

Pikapu ikawaka. Huko Akheri ilimsumbua kuwaka kila asubuhi, nikamwambia ni baridi ya mlimani. Geji haikupanda hata robo. Kaka alifurahi kama mtoto: "Injini yako haijui joto!"

Mwezi wa tatu tangu niitengeneze, akiwa na mzigo njiani kwenda Kisongo, mpira mdogo wa maji chini ya manifoldi ukapasuka. Maji yakaisha, geji ikabaki chini palepale, naye akaendelea kukanyaga mafuta mpaka injini ikakwama. Wakaivuta hadi kwangu. Nilimfokea mbele ya wateja, kaka yangu mkubwa, mtu ninayemwamkia shikamoo. "Maji hukuangalia! Gari haliendeshwi kwa maombi!" Alisimama ameshika kofia yake. "Nisamehe, mdogo wangu. Kosa ni langu."

Alipoondoka nikafungua. Hedi imepasuka, silinda zimekwaruzwa vibaya. Na zile nyaya, Mungu wangu, nilikuwa nimezichanganya. Geji ilikuwa inasoma sensa ya kompyuta, na kompyuta ile ya geji; ndiyo maana hata kuwaka asubuhi kulisumbua. Geji isingepanda hata kama injini ingeyeyuka. Nilikaa chini kwenye oili nikalia. Kisha nikakata ule utepe, nikaziunga upya inavyotakiwa, asije fundi mwingine akaona.

Kaka akaiuza pikapu kama vyuma chakavu. Akarudi kusukuma ndizi kwa baiskeli mpaka magoti yakamwisha. Mtoto wake wa pili akaacha shule. Watu wakimtania ashike usukani, alisema, "Mimi ni muuaji wa injini," nao wakacheka. Nami nilicheka nao. Jamani, nilicheka.

Siku zake za mwisho nilimkuta kitandani amebaki mifupa. Nilikwenda nimeshajiandaa kusema yote. Akaniwahi. Alinishika mkono, akauliza, "Ile injini, mdogo wangu, ulishanisamehe kweli?"

"Nilishakusamehe, kaka," nikasema.