Drafti, Mvua na Swichi ya Kogo

Mlio wa swichi ya ukutani ni kitu kidogo sana. Tak, basi. Lakini nikiusikia huku nje kunanukia mvua ya kwanza juu ya vumbi, narudi Bomet mbio, kwenye ngazi ya nyumba yetu karibu na Silibwet, nikiwa msichana wa darasa la nane mwenye simu mkononi na hasira puani. Ngoja nikueleze hiyo hasira, maana niliibeba muda mrefu bila kujua nilikuwa nimemkasirikia nani.

Baba alikuwa mlinzi Qatar. Kabla hajaondoka, mimi na yeye tulikuwa watu wa drafti. Tulicheza kwenye kituo cha kupimia majani chai, kwa vifuniko vya soda, juu ya boksi alilolichora miraba kwa makaa, tukingoja lori la kiwanda ambalo halikuwahi kufika wakati uliosemwa. Sikuwahi kumshinda. Baba hakuwa mtu wa kumwachia mtoto mchezo ili afurahi. Alikula kete zangu moja moja, akazipanga kando taratibu, kisha akaniuliza kama nimeona nilipokosea. Alipoenda Uarabuni tulibaki na simu, na kwenye simu alikuwa mtu mwingine. Shule sawa? Sawa. Mama sawa? Sawa. Baada ya hapo tulisikilizana tukipumua.

Ndipo akatuwekea mtandao nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona na walimu walikuwa wanatuma kazi kwa simu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sababu. Mimi niliijua sababu. Siku ileile alinitumia mwaliko wa mchezo wa drafti wa kwenye simu. Saa kumi alasiri alikuwa ameshaamka na hajaingia zamu, na hiyo ikawa saa yetu. Humo mchezoni Baba yangu alirudi. Aliandika vijineno vya uchokozi chini ya ubao, akanicheka, akaniambia nifikirie kwanza kabla ya kugusa kete. Kutwa nzima nilikuwa nangoja saa kumi.

Anayeijua nchi yetu ya chai ameshaanza kunicheka. Saa kumi ni saa ya mvua. Mawingu hupanda kutoka upande wa Kericho baada ya chakula cha mchana, yakakaa juu ya majani chai yakiwa meusi, halafu radi inaanza kunguruma. Na kila mvua ilipokaribia, katikati ya mchezo, ubao uliganda. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha yakaja maandishi: umeondoka mchezoni, umeshindwa. Kwa Baba yaliandikwa: mpinzani wako ameondoka. Mchezo ule haukujua habari za mtandao mbovu, ulijua tu kwamba mtu amekimbia.

"Mkimbiaji," Baba aliandika mtandao uliporudi. "Ukiona nakaribia kukumaliza unatoroka?"

Ulikuwa utani, lakini uliniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: mchezo mmoja uanze na uishe, mimi nikiwa pale, hata kama ni kushindwa.

Antena ilikuwa imefungwa juu ya paa la Kogo, mama yake Baba. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, ikitazamana na mnara wa kilimani, wakati yetu ilifichwa na mikaratusi. Waya ulishuka ukutani, ukapita dirishani, ukafika kwenye kiboksi cheupe chenye taa za kijani kilichowekwa kando ya vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kutoka hapo mtandao ulitakiwa kuvuka ua utufikie. Sikuweza kwenda kuchezea kwa Kogo, maana saa hiyo nilikuwa na mdogo wangu wa kumwangalia na moto wa chai wa kuwasha kabla Mama hajarudi kutoka kuchuma majani.

Nikaanza uchunguzi. Niligundua kwanza kwamba Kogo alikuwa amekifunika kile kiboksi kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio, viti na kila kitu alichokiheshimu. Nikakitoa kwa sababu kiboksi kilikuwa kinachemka. Kesho yake kitambaa kilikuwa kimerudi, tena kimefuliwa. Kisha nikailaumu stoo ya mabati iliyokuwa katikati ya ua, nikahamishia kiboksi dirishani. Nikabadilisha nywila nikiamini jirani anatunyonya, nikaweka jina la ng'ombe wetu, jina ambalo jirani alilisikia likiitwa kwa sauti kila asubuhi. Nilicheza nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Nilicheza nikiwa katikati ya majani chai, nimelowa hadi kiunoni. Mchana mtandao ulikwenda vizuri. Saa kumi mawingu yalikuja, na kiduara kikaja nayo.

Kuna jambo moja sikulitilia maanani. Kabla ya kila mchezo Baba aliuliza, "Huko mawingu iko aje?" Nilidhani ni mkulima aliyekumbuka chai yake. Na nilipomwambia tuite fundi alisema, "Wacha tu, Chela. Tutamalizia kesho."

Mama ndiye aliyemwita fundi, kijana wa Silibwet, na alikuja asubuhi moja yenye jua. Akapanda paani, akashuka, akabonyeza simu yake.

"Netiwaki yenu iko fiti, mama," alisema. "Hii mashine ndiyo inazimika. Hapa stima hupotea mvua ikikuja, ama?"

"Stima ya huku?" Mama alicheka. "Hiyo hata ng'ombe akikohoa inapotea."

Basi fundi akaunganisha betri ndogo nyuma ya kiboksi, akatuhakikishia kwamba hata stima ikienda, taa hazitazimika. Kogo hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Hakuna aliyefikiria kumweleza. Nani angeanza kumweleza Kogo mambo ya betri?

Alasiri hiyo mawingu yalikuja kama kawaida. Radi ikanguruma mbali, kisha karibu. Niliutazama ubao. Haukuganda.

"Mvua imeanza huko?" Baba aliandika.

"Imeanza, na niko!" nikajibu.

Alichelewa kidogo kusogeza kete yake, nami nikafikiri nimemtisha. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati kwa kelele hata nisiweze kumsikia mdogo wangu akilia. Kete yangu moja ilifika mwisho wa ubao ikawa kingi. Kwa mara ya kwanza maishani niliiona njia ya kumshinda Baba, wazi kabisa, kama amenionyesha mwenyewe kwa kidole.

Nikainua macho kwa furaha, na hapo nikauona mlango wa Kogo umefunguliwa.

Alitoka bila leso, bila viatu, ameshika kile kiboksi kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama mtu anavyoshika sufuria ya maji yanayochemka. Waya alikuwa ameung'oa na ulikuwa unaburuzika nyuma yake. Taa za kijani zilikuwa bado zinawaka. Huyu ndiye Kogo ambaye mvua ikianza hakuturuhusu hata kusimama mlangoni, aliyegeuza kioo kikatazama ukuta. Hakuja upande wetu. Alishuka upande wa pili, kwenye uwazi, mawe ya mvua yakimpiga kichwani, radi ikipasua juu ya kilima, hadi mwanzo wa shamba la chai. Akakiweka kile kitu chini. Alipogeuka akaniona kwenye ngazi.

"Ingia ndani!" alipiga kelele, kwa Kiswahili chake kisicho na z wala b. "Nimesima, pado inaniangalia! Ingia!"

Sikuwahi kusikia sauti yake vile. Niliingia. Ubao ulikuwa umeganda, na nakuambia kweli, sikuukumbuka.

Mvua ilipopungua Baba alipiga simu ya kawaida. Hakuuliza habari za mchezo.

"Mama yangu yuko salama?" ndilo neno lake la kwanza.

Nilimwambia yuko salama. Kisha nikamweleza yote niliyoyaona.

"Ni Kogo huzima swichi kila mvua ikija?" nikauliza.

"Ni yeye."

"Ulijua?"

"Nilijua, Chela."

Akanieleza habari za Kibet, kaka yake, ambaye mimi nilimjua kwa jina tu kwenye maombi. Walipokuwa watoto, Kibet alifunga waya juu ya mti, akaupitisha dirishani hadi kwenye redio ili isikike vizuri. Walikuwa wanasikiliza mpira. Kogo alikuwa kwenye chai, akaona mawingu, akaanza kukimbia, lakini radi ikamtangulia kwenye ule waya. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa, yeye hapo," Baba alisema, na ingawa sikuwa ninamwona nilijua anaonyesha kwa mkono. "Mama alikuwa amefika kwa mlango tu."

Nilipika chai nikampelekea Kogo. Alikuwa amebadilisha nguo, ameketi kando ya moto. Alikunywa, akaniuliza kama kile kitu kimeungua. Nikamwambia kimekufa kwa maji. Akashusha pumzi, akaniambia chai haina majani ya kutosha.

Baadaye tulipata kiboksi kingine, bila betri. Kogo naye akabadilika kidogo. Mawingu yalipokusanyika alisimama kwenye ua akaniita, "Chelangat! Malisa mchezo, nakuja kusima!" Nami nikawa na nafasi ya kumwandikia Baba kwamba Kogo anakuja. Alijibu neno lilelile kila siku: "Msalimie." Ule mchezo wa kingi yangu hatukuumaliza kamwe.

Siku zile nilielewa tu kwamba bibi yangu anaogopa radi. Ilinichukua miaka kuelewa ile safari yake ya kushuka shambani. Kogo aliamini ameibeba radi mikononi, na akaipeleka mbali na nyumba yenye mimi na mdogo wangu ndani. Nilimwelewa Baba baadaye zaidi, nikiwa mtu mzima ninayeishi mbali na wangu. Mimi nilidhani tunaibiwa saa yetu. Yeye alikuwa ameketi kitandani ugenini, ameuliza habari za mawingu, anangoja. Ubao ulipoganda, alijua safari hii mama yake amefika kwa wakati.

Kogo hayupo tena. Baba alirudi, anaishi kwenye nyumba ya Kogo, na mimi niko Nakuru, kazini. Saa kumi nikipata nafasi tunacheza. Kuna siku kete zangu zimekaa vizuri kabisa na mara ubao unaganda, kiduara kinazunguka, na maandishi yanakuja kwangu sasa: mpinzani wako ameondoka. Najua ameinuka, amevuka chumba, ameweka kidole kwenye ile swichi. Napewa ushindi ambao sikuushinda. Naweka simu mezani na kungoja mvua ya kwetu iishe.