Madirisha ya Jackton Oyoo

Kazi ya Jackton Oyoo pale kiwandani ilikuwa kutazama, na macho ndiyo yaliyokuwa yakimtoroka. Sema mwenyewe kama hiyo si balaa.

Mwaka wa tisini na nane kiwanda chao cha majani chai, upande wa Sosiot, kilikuwa na kompyuta kubwa ya kuandikiwa amri. Kila asubuhi Jackton alifungua madirisha manne meusi kwenye skrini: la kilo za majani mabichi kutoka vituoni, la vitanda vya kunyaushia majani, la joto la mashine ya kukausha, na la ujumbe wa makao makuu. Alichoka kuyasukuma huku na huku, akaandika skripti, yaani faili fupi la amri. Humo kila dirisha lilikuwa na mstari wake: upana huu, urefu huu, umbali huu kutoka kushoto, huu kutoka juu. Ukiandika neno moja tu, yote manne yanaruka, kila moja mahali pake. Watu wa ofisi walikuja kutazama, na Bwana Gibson, meneja, alikuwa akiwaleta wageni wajionee.

Halafu pembe za skrini zikaanza kupotea. Daktari wa hospitali ya misheni huko Bomet alimwambia ni presha ya macho, inakula kutoka kando kwenda katikati, na ikishakula hairudishi. Akampa matone. Jackton alirudi kazini, akafungua skripti, akavuta dirisha la kwanza ndani kidogo. Macho yakipungua, naye anabadilisha namba, mpaka madirisha yote yakawa yamebanana katikati kama vifaranga wakati wa baridi.

Aliyejua ni mkewe Syprose peke yake. Angemwambia nani mwingine? Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kampuni, kule kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, na kule kazi ikiisha na nyumba imeisha. Kitinda mimba wao alikuwa kidato cha tatu. Jackton alitaka huyo mtoto amalize shule tu, basi, halafu kampuni imfanye itakavyo. Aliogopa sana jamani, na woga ulimfanya mkali. Ukimuuliza mbona madirisha yamesongamana hivyo, alikwambia uangalie kazi yako.

Cherotich, karani msichana aliyeketi meza ya pili, hakuuliza. Jackton alikuwa amemfundisha kuandika skripti kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa wengine, naye msichana alimpenda kama baba yake. Kwa hivyo dada yake Jackton alipofariki na mzee akaenda kwao Ugenya kuzika, Cherotich alijiuliza atamsaidia vipi. Kwao Sigowet mtu akifiwa, majirani wanamchumia chai na kumkamulia ng'ombe, akirudi akute kazi yake haikulala. Lakini mzee huyu hakuwa na shamba wala ng'ombe Kericho nzima. Alikuwa na skrini. Basi msichana akafungua skripti, akayapanua yale madirisha maskini, akayapeleka moja moja kwenye pembe zake, yapate kupumua. Akafurahi na roho yake.

Asubuhi Jackton aliporudi, bado ana uchovu wa matanga, Bwana Gibson aliingia mbio. Chai ilikuwa inanuka kuungua.

“Jackton, joto ni ngapi?”

Jackton aliandika lile neno moja, akatazama katikati, mahali pa siku zote. Hapakuwa na kitu, ila rangi ya kijivu. Kugeuza kichwa mbele ya meneja hakuthubutu.

“Dirisha halijafunguka, bwana.”

Gibson akatazama skrini, kisha akamtazama Jackton. Dirisha lilikuwa pale juu kulia, kubwa, namba zake zinasomeka hata ukiwa mlangoni.

“Mzee, nilikupangia,” Cherotich akasema polepole. “Liko juu, kulia.”

Ikabidi ageuze shingo. Aliigeuza mpaka kidevu kikagusa bega, akainua uso, akatafuta ukutani kwanza ndipo akaipata skrini, watu wawili wakimtazama. Akasoma joto. Alisoma sawasawa. Gibson akatoa kichwa mlangoni, akaagiza moto upunguzwe, akarudi na kuuliza kwa upole ni tangu lini.

“Mwaka jana,” Jackton akajibu.

Meneja alisema pole, tena ya moyoni, akasema pia kwamba mashine zile haziwezi kuachiwa mtu asiyeona, na kwamba ataongea na makao makuu ili familia ikae kwenye nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Alipotoka, Cherotich alikuwa analia, ameshaelewa yote.

“Nitayarudisha, mzee. Sasa hivi nitayarudisha katikati.”

“Hata ukiyarudisha, mwanangu,” Jackton akasema, “wameshajua.”

Akachukua koti lake, akateremka laini kumwambia Syprose.