Mawe Matatu Shimoni

Mchimbaji wetu ana viganja vipana kama sepetu. Kabla ya kuajiriwa na hawa wataalamu wa mambo ya kale, alikuwa akisimamisha nguzo za uzio, zikiwemo za zamani za shamba langu hili tunalochimba. Kila nguzo huikaza kwa mawe matatu, kisha huipiga kofi moja jepesi, kama anayebembeleza mtoto alale. Siku hizi anafagia udongo kwa brashi, akitafuta miduara myeusi, maana nguzo huoza lakini shimo lake hubaki na rangi.

Jana mtaalamu alipiga magoti mbele ya mduara mmoja wenye mawe matatu. “Miaka mia sita!” akasema. “Aliyechimba hapa alikuwa fundi hasa!”

Mchimbaji aliyatazama yale mawe, akanitazama mimi niliyeshika ndoo, akakohoa. “Alikuwa anajitahidi,” akajibu. Kisha akainama, akapapiga pale kofi moja jepesi.

Mtaalamu alikuwa ameshainua kamera. “Samahani mzee wangu, sogea kidogo. Kivuli chako kinaharibu picha.”