Ugali wa Nyigu

Enzi zetu mbwa alikula tulichobakiza sisi, na sisi hatukuwa watu wa kubakiza. Nakumbuka pale Mwanjelwa, miaka ya sabini, makande yakimiminwa kwenye sinia moja mikono ilikuwa inagongana, na aliyechelewa kunawa alikuta punje chache zimejibanza pembeni. Mbwa walikaa mlangoni wakitutazama midomo. Walipata ukoko, miiba ya samaki, na maji yaliyooshea sufuria. Wakinenepa tulishangaa. Wakikonda hakuna aliyeuliza.

Asubuhi za Juni baridi ya Mbeya ilikuwa inauma masikio. Tulikimbia mchakamchaka shuleni tukitoa mvuke mdomoni, tukijifanya tunavuta sigara, na mlima Loleza umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Jioni tulicheza kombolela hadi mama zetu watuite kwa majina kamili, dalili kwamba viboko viko karibu. Nikiwasimulia vijana wa leo kwamba tulikimbia pekupeku juu ya majani yenye baridi kama chuma, wananiuliza kama tulikosa viatu au tulikosa akili. 

Ilikuwa katika baridi hiyo mjomba, kaka yake mama, alipokuja kutoka kijijini kwao, Idodi. Alishuka kwenye basi na kikapu kilichofunikwa kanga, nasi watoto tukamlaki tukiwa na hakika ni kuku. Mama alipofunua, tuliona mtoto wa mbwa mwenye rangi ya unga wa ulezi, amejikunja, anatetemeka.

"Kamwene, dada," mjomba alisalimu kwa Kihehe chao. Kisha akaongeza taratibu, "Ndiye aliyebaki."

Tulielewa. Babu yetu wa Idodi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mbwa wake, waliosifika kwa kufukuza nyani na nguruwe pori mashambani, walikuwa wameisha kwa maradhi kiangazi kile, mama wa huyu mdogo akiwa mmojawao. Mama alimpokea mtoto huyo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kilichosalia cha nyumba ya baba yake. Akampa jina la Watasema. Kwao jina la mbwa ni njia ya kuzungumza na majirani bila kufungua mdomo.

Na kweli walisema. Wa kwanza alikuwa Mama Tumaini, jirani yetu kutoka Tukuyu, ambaye hakuchoka kumtania mama kwamba Wahehe hula mbwa.

"Mama Sekela, Wahehe nyie! Kitoweo hicho mbona kidogo? Hakijazi hata sufuria."

"Kiache kinone kwanza, shoga. Nitakuita uje na ndizi zako za Tukuyu."

Walicheka juu ya ua wa matete hadi mkaa wa Mama Tumaini ukazimika.

Baba hakucheka. Alikuwa fundi seremala, benchi lake liko uani, na mbao zake zilikuwa zinaibwa. Alitaka mbwa mkali. Na enzi zile kila mwanamume mtaani alijua jinsi ya kumpata: unachukua nyigu, unawakaanga, unawatwanga pamoja na pilipili kichaa, unachanganya kwenye ugali, unampa mbwa angali mdogo ili hasira imkae tumboni. Hakuna aliyewahi kuniambia nani aligundua jambo hilo. Sisi watoto tulitumwa kuchoma kiota kilichokuwa chini ya paa, tukarudi na mawindo kwenye kopo na nyuso zimevimba hata mwalimu hakututambua.

Watasema alikula kwa sababu alikuwa na njaa. Akapiga chafya, akalia, akasugua mdomo wake mchangani, akazunguka benchi kama anayetafuta mlango wa kutokea duniani.

"Mnaona?" baba alisema kwa furaha. "Tayari amekasirika."

Kesho yake hakuinuka. Alitapika povu, akaharisha mpaka ikatoka michirizi ya damu, na pua yake ikawa kavu kama kipande cha chungu. Sisi tuliompenda tukamwongezea ugonjwa. Tulimpa maziwa mabichi ya ng'ombe, kwa kuwa maziwa ni afya. Tulimpa vichwa vya dagaa, kwa kuwa kila mbwa anapenda dagaa. Vyote vilirudi, na kila vilipotoka alibaki mdogo zaidi.

Mama alimweka kwenye sweta kuukuu karibu na jiko la mkaa. Alipomgeuza, alimfinya ngozi ya shingo, na ngozi ile ikabaki imesimama, haikurudi. Mama akasema, si kwetu, bali kama anayejisemea:

"Amekauka. Kliniki walituonyesha hivi hivi kwa watoto."

Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kidogo. Halafu akapanda kwenye kigoda na kushusha kopo la sukari kutoka juu ya kabati. Wasomaji wa rika langu wanajua maana ya kitendo hicho. Sukari miaka ile ilikuwa habari ya foleni na bahati. Baba mwenyewe alikuwa anakunywa chai chungu ili kopo lile libaki kwa ajili ya wageni.

"Mama Sekela," baba alisema kutoka benchi lake, "sukari ya wageni unampa mbwa?"

"Huyu ni mgeni," mama alijibu bila kugeuka. "Ametoka kwa baba yangu. Na tumemkaribisha kwa nyigu."

Baba akaweka randa chini, akainama kupekua vipande vya mbao.

Habari zilikwishafika hadi kwa Bi Zuhura, aliyeuza mchele sokoni. Watu wake walitoka pwani, naye na mbwa walikuwa mbali kama jua na mwezi. Alisimama nje kabisa ya ua, amekusanya baibui lake mkononi.

"Mie simkaribii, mnanijua. Lakini hayo maziwa yaacheni, jamani, mtammaliza! Kiumbe mgonjwa apewe maji ya mchele." Akamsukuma mjukuu wake mbele na kopo lililokuwa linatoa mvuke. Tulipolipokea alirudi hatua moja zaidi. "Na hilo kopo msinirudishie."

Tulimdondoshea maji ya mchele kwa kitambaa, tone kwa tone. Mengine yalimwagikia shingoni, mengine aliyatapika. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakututazama. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na tuliona mikono yake inatupa mchele mzuri na kuacha mawe.

Ndipo baba alipokuja. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na kijiko cha mbao ya mninga, kidogo kuliko kidole changu, kimesuguliwa kikalainika. Baba wa enzi zetu hawakujua kusema samahani. Walitengeneza kitu.

"Hicho kitambaa kinamwaga," alisema tu.

Akaketi chini, akampakata Watasema, akachota. Mtoto wa mbwa akanusa vidole vyake. Hivyo hivyo ndivyo vilivyompa ule ugali, naye alivitambua. Akafumba mdomo, akageuza kichwa, akakielekeza kwenye tumbo la baba. Baba akajaribu tena, naye akakataa tena. Mimi nilianza kulia kimya kimya, maana nilimwona mama ameacha kuchambua.

Baba akakitazama kile kijiko. Akakipeleka kinywani mwake mwenyewe, akanywa, akalamba midomo kwa sauti.

"Tamu," alimwambia mbwa. "Onja, baba. Haina kitu."

Akachota kingine. Kile kiulimi kilitoka taratibu, chembamba, cheupe kwa ugonjwa. Kikagusa. Kikarudi. Kikatoka tena.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliinamia ungo wake, akaanza kuokota mchele alioutupa.

Baada ya hapo tulimlisha kama mzazi aliyetoka kujifungua. Maji ya mchele yalipotulia tumboni tulimpa uji mwepesi wa ulezi, kidogo kidogo, mara nyingi. Ukakaa. Tukafuata na ugali laini uliopondwa kwenye supu ya mfupa iliyoenguliwa mafuta, bila pilipili. Njia nzima ya kwenda bombani watu walituuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Hata Mama Tumaini alichungulia juu ya ua. "Kitoweo kinaendeleaje?" aliuliza, na huku anacheka alitoa yai la kuchemsha ndani ya kanga. Watasema akakua, akawa mpole wa kupindukia, lakini mwenye sauti nzito ya babu zake wa Idodi. Mbao zikaacha kuibwa. Baba hakutaja nyigu tena maishani mwake.

Leo ninafuga mbwa mjini. Daktari wa mifugo anakuja na pikipiki, anachanja, anapima uzito. Chakula kinatoka kwenye mfuko wenye picha ya mbwa anayetabasamu, na binti yangu ameweka kengele ya mlo kwenye simu. Sidharau. Watoto wengi wa mbwa tuliowazika utotoni wangepona kwa sindano moja ya huyu daktari kijana.

Juzi juzi mbwa wetu aliugua tumbo. Daktari alimtundikia dripu, akaondoka. Binti yangu akampiga picha na kuirusha mtandaoni, ikapata mioyo myekundu chungu nzima kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusikia harufu yake. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hadi leo silijui jina lake, aliandika kwenye kundi la mtaa akiomba mwenye mbwa anayelia apunguze kelele.

Mbwa alipona upesi, namshukuru Mungu. Alitoka uani, akanyoosha miguu juani, akatembea kandokando ya ukuta mrefu akinusa chini yake. Upande wa pili hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mgonjwa.